Nyongo na kolera: namna mikrobe inavyotambua kwamba imefika tumboni

Huko Kasenga, kando ya mto Luapula, hata mtoto mdogo anajua kupasua samaki bila kutoboa nyongo. Ikitoboka, nyama inakuwa chungu na mnunuzi anaenda zake. Watu wengi wanaijua nyongo kwa njia hiyo tu: kitu kichungu cha kutupa.

Lakini ndani ya tumbo la mtu nyongo ina kazi nyingi. Na wataalam wa mikrobe wamegundua jambo la kushangaza juu yake. Mikrobe ya kolera inaitumia nyongo yetu kama alama ya njiani. Ikiikuta, inajua kwamba imetoka mtoni na imefika ndani ya mtu, na hapo inaanza kujipanga ili itengeneze sumu yake. Sumu yenyewe ni kimeng'enya, ile ambayo wengine shuleni waliita anzimu.

Tunaeleza habari hii kwa sababu kuna maneno matatu yanayorudi kila msimu wa mvua. La kwanza, eti kitu kichungu kinaua kolera ndani ya tumbo. La pili, eti mgonjwa anayeharisha asipewe maji, kwa sababu maji yanamwongezea kuhara. La tatu, eti nyumba ikipoteza watu wawili kwa siku moja, basi kuna mtu aliwatilia sumu. Maneno yote matatu yanaua. Ukielewa kazi ya nyongo, utaona kwa nini.

Kolera katika sehemu zetu

Kasenga ni makao makuu ya wilaya ya Kasenga, katika jimbo la Haut-Katanga, kilometa karibu 200 kutoka Lubumbashi. Ng'ambo ya mto ni Zambia. Samaki wanaotoka Luapula na ziwa Moero wanaliwa mpaka mjini Lubumbashi, na watu wanavuka huku na huku kila siku. Kwa wakaaji wengi mto ni barabara, ni mahali pa kuoga, ni mahali pa kufulia, ni kisima. Na pale ambapo hakuna choo, mto unakuwa choo pia. Mikrobe ya kolera inahitaji hayo tu: itoke katika tumbo la mtu, iingie majini, halafu iingie katika mdomo wa mwingine.

Kolera hii ya sasa ilianza safari yake mwaka 1961 huko Indonesia. Iliingia Afrika mwaka 1970, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 ilikuwa imefika mashariki ya inchi yetu, upande wa ziwa Tanganyika. Tangu hapo haijaondoka kabisa. Mwezi wa 7 mwaka 1994 ilishambulia kambi za wakimbizi karibu na Goma. Kolera pamoja na kuhara damu viliua watu karibu 50,000 katika mwezi mmoja hivi. Mwanzoni mwa 2008 ilikuwa Likasi na Lubumbashi. Mwaka 2017 ilienea karibu inchi nzima: zaidi ya wagonjwa 50,000, na zaidi ya 1,000 kati yao walikufa.

Mtafiti Mkongomani Didier Bompangue na wenzake walichunguza hesabu za wagonjwa wa Katanga na wa Kasai ya Mashariki. Walionyesha kwamba sehemu za kando ya maziwa ndizo chemchemi ya kolera: ugonjwa unabaki huko hata wakati wa utulivu, halafu unatoka na kufuata njia za biashara mpaka mijini. Wasomaji wetu wa Kalemie, Moba, Pweto, Kilwa, Bukama, Uvira na Goma wanaijua hali hiyo kwa macho yao.

Nyongo ni nini, na inafanya kazi gani

Nyongo inatengenezwa na ini. Ini la mtu mzima linatoa kati ya nusu lita na lita moja kila siku. Sehemu yake inangojea katika kifuko kidogo chini ya ini, kile ambacho tunakiona hata kwa samaki na kwa kuku. Ukila, zaidi sana chakula chenye mafuta, kifuko kinajikamua na nyongo inamwagika mwanzoni mwa utumbo mdogo.

Kitu kikubwa ndani ya nyongo ni asidi za nyongo. Ini linazitengeneza kutokana na kolesteroli, halafu linazifunga kwenye kitu kingine kidogo kinachoitwa taurini ao glisini. Zikishafungwa hivyo, tunaziita chumvi za nyongo. Si chumvi ya kutia kwenye mboga hapana. Zinafanana zaidi na sabuni: upande mmoja unapenda maji, upande mwingine unapenda mafuta.

Ndiyo maana zina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuvunja mafuta ya chakula, sawa vile sabuni inavunja mafuta kwenye sahani iliyopakuliwa samaki. Kazi ya pili ni ulinzi. Ngozi ya mikrobe nayo ina mafuta ndani yake, kwa hiyo mikrobe nyingi zikikutana na nyongo zinapasuka na kufa.

Mwili hautupi ovyo sabuni hiyo. Kwenye mwisho wa utumbo mdogo, asilimia karibu 95 ya asidi za nyongo zinanyonywa tena na kurudishwa kwenye ini ili zitumike upya. Hiyo inafanya sehemu ya juu ya utumbo kuwa na nyongo nyingi, na utumbo mkubwa kubaki na kidogo. Kwa mikrobe inayojua kuonja, tofauti hiyo ni kama vibao vya barabarani.

Safari ya mikrobe, kutoka mdomo mpaka utumbo

Mikrobe ya kolera ni bakteria iliyopinda kidogo, kama alama ya mkato, na ina mkia mmoja wa kuogelea. Ukiimeza, jambo la kwanza inalokutana nalo ni asidi ya tumbo. Hapo nyingi zinakufa.

Madaktari walipima hayo kwa watu waliojitolea huko Maryland, Marekani. Mtu mwenye afya, akinywa mikrobe hizo ndani ya maji matupu, alihitaji karibu milioni 100 ili augue. Lakini wakimpa kwanza bikaboneti, ile inayozima asidi ya tumbo, mikrobe elfu kumi mpaka milioni moja ziliweza kutosha. Kwa hiyo mtu mwenye asidi kidogo tumboni anashikwa kwa urahisi: mtoto mwenye utapiamlo, ao mtu anayemeza kila siku dawa za kuzima kiungulia.

Zile zinazopona zinafika utumbo mdogo, na hapo zinakuta nyongo. Mikrobe nyingine zingepasuka. Hii ya kolera imejitayarisha. Katika ngozi yake ya nje kuna milango midogo sana, na milango hiyo ni ya aina mbili. Protini moja inayoitwa ToxR, iliyo kama mlinzi wa geti, ikitambua nyongo inapunguza milango ya aina ya kwanza na kuongeza ile ya pili, ambayo nyongo inapita kwa shida. Na ile kidogo inayofaulu kuingia, mikrobe inaisukuma nje kwa pampu zake.

Jibu la neno la kwanza ni hilo. Uchungu hauiui mikrobe ya kolera. Imezoea kuishi ndani ya kitu kichungu kuliko majani yoyote tunayoyajua.

Namna inavyoonja nyongo

Mikrobe haina ulimi, haina pua. Ina protini zilizosimama katika ngozi yake, kichwa nje, mguu ndani. Moja inaitwa TcpP. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani na wa China walionyesha namna inavyofanya kazi. Chumvi moja ya nyongo inayoitwa taurokolati ikiwapo, protini mbili za TcpP zinashikana pamoja kwa kifungo cha salfa. Zikiwa moja moja, zimelala. Zikishikana mbili mbili, mguu ule wa ndani unaamsha jeni za mikrobe.

Fikiria ufunguo wa pikipiki. Mafuta yamo, injini ni nzima, lakini bila ufunguo haiwaki. TcpP zilizoshikana, zikisaidiwa na ToxR, zinawasha jeni moja ya katikati inayoitwa toxT. Hiyo nayo inawasha mambo mawili: nywele ngumu ambazo mikrobe zinatumia ili zishikamane zenyewe kwa zenyewe na kukaa utumboni, na sumu ya kolera. Ukosefu wa oksijeni katika utumbo pia unasaidia.

Kuna njia nyingine. Mwaka 2005 Deborah Hung na John Mekalanos, wa chuo kikuu cha Harvard, walionyesha kwamba asidi za nyongo zinaweza kuamsha utengenezaji wa sumu hata bila kupitia toxT. Kwa hiyo mikrobe haitegemei waya mmoja.

Lakini nyongo haisemi neno moja tu. Watafiti wakitumia nyongo nzima, pamoja na mafuta yaliyomo, wanaona kinyume: mikrobe inapunguza sumu na kuogelea kwa nguvu zaidi. Mafuta fulani ndani ya nyongo yanaizuia protini ya ToxT kufanya kazi. Wengi wanaelewa mambo hayo hivi. Katikati ya utumbo, ambamo nyongo ni nyingi, mikrobe inasikia: kogelea kwanza, usipoteze nguvu. Ikisha kupenya ute unaofunika ukuta wa utumbo, mafuta hayo yanapungua, na hapo kazi ya sumu inaendelea bila kizuizi.

Kwa nini inangoja? Kwa sababu kutengeneza sumu kunakula nguvu. Mikrobe ikiwa majini haina mtu wa kumharisha. Ikitengeneza sumu huko inapoteza chakula chake bure. Ndani ya mtu, sumu inamfanya aharishe maji mengi, na maji hayo yanabeba mamilioni ya mikrobe kuzirudisha mtoni. Hiyo ndiyo faida yake.

Sumu yenyewe ni kimeng'enya

Kwa muda mrefu watu hawakujua mikrobe inaua namna gani. Filippo Pacini wa Italia aliiona kwa darubini mwaka 1854, na Robert Koch wa Ujerumani akaithibitisha huko Misri na India mwaka 1883 na 1884. Lakini sumu yake ilionyeshwa mwaka 1959 tu, na mtaalam Mhindi Sambhu Nath De, mjini Calcutta. Alitia maji yaliyochujwa, yasiyo na mikrobe hata moja, ndani ya utumbo wa sungura. Utumbo ukajaa maji. Hapo ikajulikana kwamba mikrobe inaacha kitu nyuma yake.

Kitu hicho kina vipande sita. Vitano vimekaa kama pete, na kazi yao ni kushika ukuta wa seli ya utumbo. Cha sita kinaingia ndani. Hicho ndicho kimeng'enya.

Kimeng'enya ni mfanyakazi ambaye hachoki: anafanya kazi moja, anamaliza, anaanza tena ileile bila yeye mwenyewe kuisha. Ndiyo maana sumu kidogo inaleta madhara makubwa. Kimeng'enya cha kolera kinakwenda kwenye swichi ndani ya seli, swichi ambayo kwa kawaida inawaka na kuzimika, na kinaifunga ibaki imewaka. Seli inapokea amri moja tu: toa chumvi. Chumvi ikitoka, maji yanaifuata. Mgonjwa mwenye kolera kali anaweza kupoteza mpaka lita moja kwa saa, maji meupe kama yale ya kuoshea mchele. Damu inakuwa nzito, mapigo yanafifia, figo zinasimama. Mtu aliyeamka mzima asubuhi anaweza kufa kabla ya jua kushuka.

Lakini shika jambo hili. Kimeng'enya hicho hakiozeshi utumbo, wala hakiuchomi. Seli ni nzima. Bomba tu limefunguliwa likakwama. Na kando ya mlango huo uliokwama kuna mlango mwingine ambao sumu haiugusi, mlango unaoingiza sukari na chumvi kwa pamoja. Sukari ikiingia inavuta chumvi, chumvi inavuta maji. Ndiyo kazi ya saché ya SRO. Kwa hiyo neno la pili nalo linaanguka: maji yenye chumvi na sukari hayaongezi ugonjwa. Yanapita kwenye mlango uliobaki mzima.

Njia hiyo ilihakikishwa Dhaka na Calcutta mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa serumu za mshipa katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon. Akawapa wagonjwa maji ya chumvi na sukari kwa mdomo, tena yakinyweshwa na jamaa zao wenyewe. Vifo vilipungua sana. Tangu hapo dunia nzima imefuata.

Bakteria rafiki nazo zinaisikia nyongo

Si mikrobe mbaya tu inayoonja nyongo. Katika utumbo wetu mna bakteria nyingi zinazokaa kwa amani, na baadhi yake zinatengeneza vimeng'enya zikikutana na asidi za nyongo. Aina moja, Clostridium scindens, ina jeni ambazo wataalam walizipa jina la bai, kwa maana ya jeni zinazoamshwa na asidi ya nyongo. Asidi inayoitwa koliki ikifika, bakteria hiyo inatengeneza vimeng'enya vya kuigeuza kuwa asidi nyingine.

Nyingine zinakata. Zina kimeng'enya kinachoitenganisha asidi ya nyongo na ile taurini ambayo ini lilikuwa limeifunga. Kumbuka, taurokolati ndiyo ufunguo wa pikipiki. Ikikatwa, ufunguo umevunjika.

Mwaka 2020 kundi la mtafiti Ansel Hsiao, katika chuo kikuu cha California, mjini Riverside, lilionyesha jambo hilo. Bakteria inayoitwa Blautia obeum, inayopatikana katika matumbo ya watu wazima wenye afya, inakata taurokolati kwa kimeng'enya chake. Katika panya waliokuwa nayo, mikrobe ya kolera haikupata alama iliyoitafuta, na haikufaulu kukaa vizuri. Mtu aliyeharisha sana, ao mtoto mwenye njaa, anapoteza bakteria za namna hiyo. Hilo linasaidia kueleza kwa nini watu wawili wanakunywa maji ya bidoni moja, mmoja anaanguka na mwingine anabaki.

Tuseme wazi: hiyo bado si dawa. Ni kazi ya maabara. Mtu akikuuzia vidonge sokoni akisema vina bakteria za kuzuia kolera, weka franga zako mfukoni.

Kuna funzo lingine hapa. Vidonge vya antibiotike vinaua pia hizo bakteria rafiki. Kumeza tetrasiklini kila siku ili ujikinge, bila ugonjwa na bila muuguzi, hakukulindi, na kunafundisha mikrobe kuzoea dawa. Antibiotike kwa kolera inatolewa na kituo cha afya, zaidi sana kwa mgonjwa mkali, na maji ndiyo yanatangulia.

Labo inaitafuta kolera kwa nyongo ya ngombe

Tabia hii ya mikrobe kuvumilia nyongo inatusaidia pia. Kinyesi cha mgonjwa kimejaa mikrobe za kila aina. Namna gani ya kuipata ile moja? Mwaka 1963 Wajapani walitunga chakula cha mikrobe kinachoitwa TCBS, na ndani yake walitia nyongo ya ngombe. Nyingi za mikrobe nyingine zinashindwa kuota humo. Ile ya kolera inaota, na kwa kuwa inakula sukari iliyomo, inaonekana kama matone ya rangi ya njano.

Mpaka leo labo zinatumia chakula hicho, hata katika inchi yetu. Majibu ya kituo cha afya yanaweza kuanza na kipimo cha haraka, lakini uthibitisho unatoka kwa kuotesha mikrobe, na sampuli nyingine zinapelekwa katika labo za INRB. Ndiyo sababu jibu linaweza kuchukua siku kadhaa. Matibabu hayangoji jibu hilo. Mgonjwa anapewa maji siku ileile.

Na nyongo ya mamba?

Hapa tufike kwenye neno la tatu. Kando ya Luapula, kama vile Zambia, Zimbabwe na Msumbiji, watu wengi wanaamini kwamba nyongo ya mamba ni sumu kali kuliko zote, na kwamba mtu mbaya anaweza kuitia katika pombe. Kukitokea vifo vya ghafla, jina la mtu linaanza kuzunguka: mjane fulani, mzee fulani, mgeni fulani.

Mwezi wa kwanza mwaka 2015, kule Chitima, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji kwenye matanga. Habari ya kwanza iliyozunguka dunia ilikuwa nyongo ya mamba. Uchunguzi wa labo ulileta jibu lingine: unga uliotumika ulikuwa umeharibika, na bakteria inayoitwa Burkholderia gladioli ilikuwa imetengeneza sumu ndani yake. Hakuna mamba, hakuna mchawi. Mtaalam wa dawa wa Zimbabwe, Nyazema, alikuwa amekwisha kuipima nyongo ya mamba miaka ya 1980, na hakukuta sumu inayosemwa.

Kolera ni vilevile. Inaua kwa saa chache, inashika watu wa nyumba moja, na wanaomuosha marehemu wanaanguka siku zinazofuata. Kwa macho inaonekana kama sumu iliyotegwa na mtu. Na kweli ni sumu, lakini mtengenezaji wake ni bakteria, na amri ya kuitengeneza ilitoka katika nyongo ya mgonjwa mwenyewe. Yule mjane hana kosa. Tena, nyumba inayotafuta mchawi inapoteza saa zilezile ambazo zingeokoa mgonjwa.

Tuongeze onyo moja. Usinywe nyongo ya samaki kama dawa, hata kidogo. Katika Asia watu wamelazwa hospitalini, na wengine wamekufa, kwa kumeza nyongo za samaki fulani zilizoharibu figo zao.

Basi, tufanye nini?

Mikrobe ikisha kufika kwenye nyongo, hatuwezi kuificha alama. Kila mtu ana nyongo. Kwa hiyo kuna mahali pawili tu pa kupigana: kabla ya mdomo, na baada ya kuhara kuanza.

Kabla ya mdomo:

- Chemsha maji ya kunywa ao yatie klore, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dawa. Yaweke katika bidoni yenye kifuniko.
- Nawa mikono kwa sabuni ao majivu: ukitoka chooni, kabla ya kupika, kabla ya kushika bukari, na baada ya kumsafisha mtoto.
- Samaki, hata chisense mdogo, apikwe mpaka aive, aliwe akiwa moto. Chakula cha jana kipashwe moto sana.
- Choo kikae mbali na mto na kisima. Wavuvi wanaolala kambini nao wachimbe.
- Chanjo ya matone ya mdomoni ikiletwa katika zone yenu ya afya, inyweni. Inasaidia, lakini haiondoi kazi ya maji safi.

Kuhara kukianza:

- Anza kumnywesha hapohapo. Saché moja ya SRO ndani ya lita moja ya maji safi. Ukikosa saché: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa. Usizidishe chumvi.
- Anywe kidogo kidogo, mara nyingi. Akitapika, ngojea dakika 10, halafu endelea polepole.
- Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Kituo cha afya kitamwongezea zinki.
- Mpeleke kituo cha afya mara moja, usiku ao mchana, huku anaendelea kunywa njiani. Macho yakididimia, ngozi ikifinywa na kubaki imesimama, mkojo ukikosekana, anahitaji serumu ya mshipa.
- Matapishi na mavi yamwagiwe klore. Mwili wa marehemu ushughulikiwe na watu waliofundishwa, na chakula cha matanga kisipikwe na mikono iliyomgusa.

Mgonjwa mkali asiyetibiwa, nafasi yake ya kufa inaweza kufika moja kwa mbili. Akipata maji ya kutosha mapema, katika wagonjwa 100 hafi hata mmoja kwa kawaida. Tofauti hiyo haitokani na mashine kubwa wala dawa ya bei. Inatoka katika saa ya kwanza, na katika kikombe kilicho mkononi mwa aliyeketi karibu na mgonjwa.